Walionunua CD Halali Ndio Walioumia: Kisa cha Lebo Kubwa Iliyojificha Ndani ya Kompyuta za Mashabiki

Wadau, kuna ubishi mmoja hauishi huku mitandaoni: ukishalipia kitu, ni chako au bado ni cha aliyekuuzia? Simu, laptop, gemu, nyimbo, vyote vimo. Kuna wanaosema kampuni ina haki ya kulinda mali yake. Kuna wanaosema hela nimetoa mimi, usiniingilie. Leo tunarudi Marekani mwaka 2005, kwa sababu ubishi huu ulishafika hadi mahakamani, na waliouanzisha walikuwa watu wa muziki. Wasanii wenyewe nitawaacha pembeni, maana wengi wao walishtuka kama mashabiki tu.

Twende taratibu ili tuelewane.

Mwaka 1999 ulitokea mtandao unaitwa Napster. Ghafla mtu anakaa chumbani kwake, anavuta wimbo wowote bure. Malebo yakawaka. Napster ilifungwa mwaka 2001 baada ya kesi, lakini wenzake wakazaliwa kila kona.

Ila kuna kitu malebo huwa hawapendi kukisimulia. Wakati wanalia wanaibiwa, wao wenyewe walikuwa wanashutumiwa kwa bei. Mwaka 2000, FTC, ile tume ya serikali ya Marekani inayosimamia haki za walaji, iliyabana malebo makubwa matano kwa mtindo wao wa kuyabana maduka yasitangaze CD kwa bei ya chini. Tume ikakadiria kwamba wanunuzi walikuwa wamelipa zaidi hadi dola milioni 480 ndani ya miaka mitatu hivi. Mwaka 2002 malebo na baadhi ya maduka wakakubali kumaliza kesi ya majimbo kwa dola milioni 67.4 taslimu, pamoja na kugawa CD za thamani ya dola milioni 75.7. Kwa hiyo shabiki alipoenda kuvuta nyimbo bure, tayari alikuwa na kinyongo. Sisemi alikuwa sahihi, nasema kinyongo kilikuwepo na kilikuwa na sababu.

Sasa malebo wakataka kuifunga CD isinakiliwe. Shida ni kwamba CD haikuzaliwa na kufuli. Ilitengenezwa na Philips na Sony wenyewe, ikaingia sokoni mwaka 1982, enzi ambazo hakuna aliyewaza kwamba kila nyumba itakuwa na mashine ya kuinakili. Ukiweka kufuli la kweli, redio za zamani hazitaicheza. Kwa hiyo kufuli likahamishwa. Likatoka kwenye CD, likapelekwa kwenye kompyuta ya mteja. Shikilia hapo, maana ndipo mambo yote yalipoharibikia.

Mwaka 2004 Sony waliunganisha biashara yao ya muziki na BMG ya Wajerumani, ikazaliwa Sony BMG. Lebo hiyo ikachukua programu mbili za kulinda CD. Moja inaitwa XCP, ya kampuni ya Uingereza. Nyingine inaitwa MediaMax, ya kampuni ya Marekani. Zilifanya kazi hivi: unachomeka CD kwenye kompyuta ya Windows, Windows yenyewe inaianzisha programu iliyomo bila kukuuliza, linatokea dirisha la masharti, unabonyeza kukubali kama tunavyofanya wote, halafu programu inajipachika. Baada ya hapo unaruhusiwa kutoa nakala chache tu, na nyimbo haziingii kwenye iPod kwa njia ya kawaida. Yaani umelipia albamu, na bado huwezi kuisikiliza kwenye kifaa chako.

MediaMax ilikuwa na vituko zaidi. Hata ukikataa masharti, ilishaacha mafaili yake kwenye mashine. Mwaka 2003 mwanafunzi mmoja wa Princeton alikuwa ameshaonyesha kwamba toleo lake la mwanzo linashindwa ukishikilia kitufe cha Shift tu wakati unachomeka CD. Kampuni ikatishia kumshtaki kwa mamilioni ya dola, ikaona aibu, ikaacha.

Bomu lenyewe lililipuka tarehe 31 Oktoba 2005. Mtaalamu wa Windows anaitwa Mark Russinovich alikuwa anajaribu programu yake ya kutafuta vitu vilivyojificha kwenye kompyuta. Akaikagua mashine yake mwenyewe, akakuta kuna kitu kimejificha. Alipofuatilia, njia ikamrudisha kwenye CD ya kina Van Zant aliyoinunua kihalali. Akaandika kila kitu kwenye blogu yake.

Alichokikuta kinaitwa rutkiti. Kwa lugha ya mtaani, ni programu inayoingia ndani kabisa ya mfumo wa kompyuta na kuudanganya mfumo wenyewe. Ukiuliza kompyuta "kuna nini humu?", inakujibu bila kukitaja kile kilichofichwa. XCP ilikuwa inaficha chochote ambacho jina lake linaanza na herufi $sys$. Tatizo liko kwenye hilo neno "chochote". Haikuangalia kama faili ni la lebo au la jambazi. Mtu yeyote akikipa kirusi chake jina linaloanza hivyo, kinapata maficho ya bure. Na ukijaribu kuyafuta mafaili kwa mkono, CD drive yako inagoma kuonekana kabisa.

Haikuchukua hata wiki mbili, virusi vya kwanza vinavyotumia maficho hayo vikaonekana. Na kabla ya hapo, wachezaji wa gemu la World of Warcraft walishagundua kwamba wakiziita programu zao za kuchakachua kwa jina hilo, mlinzi wa gemu hazioni. Vijana hawachelewi.

Lebo ilijibuje? Bosi mmoja wa juu wa upande wa dijitali alihojiwa redioni, akasema kwa maana hii: watu wengi hata hawajui rutkiti ni nini, sasa kwa nini wajali? Ile kauli iliwamaliza. Ni sawa na fundi aharibu breki za gari lako, halafu akuambie mbona hata hujui breki zinavyofanya kazi.

Kisha wakatoa dawa, na dawa ikawa mbaya kuliko ugonjwa. Kuiondoa programu ilibidi ujaze fomu mtandaoni na kuacha barua pepe yako. Watafiti wakiwemo wa Princeton wakagundua kwamba kiondoaji hicho kinaacha mlango wazi, kiasi kwamba tovuti yoyote mbaya utakayofungua inaweza kuendesha programu yake kwenye mashine yako.

Na hii ndiyo inayonichekesha kila nikiisoma. Ndani ya XCP, ile ya kupambana na wizi wa kazi za watu, wataalamu walikuta vipande vya programu huria vya watu wengine, kikiwemo cha LAME inayotengeneza MP3, vimetumika bila kufuata masharti ya leseni zake. Mlinzi wa hakimiliki kakutwa na mali ya wenzake mfukoni.

Katikati ya Novemba lebo ikasalimu amri na kuanza kuzirudisha CD za XCP. Zilikuwa albamu 52 tofauti, CD zaidi ya milioni 4 zimeshatengenezwa, zaidi ya milioni 2 zimeshauzwa. Mtafiti mmoja akapima kupitia mfumo wa majina ya intaneti, akakuta dalili za programu hiyo kwenye mitandao zaidi ya 500,000, zikiwemo za serikali na jeshi. Ofisa mmoja wa usalama wa taifa wa Marekani akawakumbusha hadharani kwamba muziki ni wenu, ila kompyuta si yenu. Mimi ningeichapisha kauli hiyo kwenye fulana.

Kesi zikafuata. Texas ilikuwa jimbo la kwanza kushtaki. Kesi ya pamoja ya wanunuzi iliisha kwa kubadilishiwa CD, pamoja na dola 7.50 na albamu moja ya kupakua, au ukipenda albamu tatu bila hela. Desemba 2006 lebo ikalipa dola milioni 1.5 kwa Texas na California, na dola milioni 4.25 kwa kundi la majimbo mengine. Januari 2007 ikakubaliana na FTC kuwalipa hadi dola 150 wale ambao kompyuta zao ziliharibika wakati wa kuiondoa programu. Zote hizo zilikuwa za madai, sio za jinai.

Sasa naomba uweke kisa hiki pembeni ya kingine. Oktoba hiyohiyo ya 2005, kijana wa miaka 19 wa Los Angeles alitengeneza kirusi cha utani kwenye MySpace. Ukifungua ukurasa wake, unakuwa rafiki yake bila kutaka, na kwenye profaili yako linaandikwa neno kwamba yeye ndiye shujaa wako. Kikasambaa kwa watu zaidi ya milioni moja ndani ya saa 20. Hakikuiba nywila wala hakikufuta faili la mtu. Kijana akavamiwa na maofisa wa serikali, na Januari 2007, mwezi uleule lebo ilipomalizana na FTC, akakiri kosa la jinai. Akapewa miaka 3 ya uangalizi, kazi za jamii, na masharti makali ya kugusa kompyuta.

Sitetei alichofanya dogo. Nauliza tu mizani iko wapi. Mmoja aliingia kwenye kurasa za watu kwa utani, akapata rekodi ya jinai. Wengine waliingia ndani ya mashine za watu kwa ajili ya biashara, wakajificha, wakaacha milango wazi, wakalipa hela ambayo kwa kampuni ya ukubwa ule ni ya kutoa mfukoni. Ukiwa na suti, kirusi chako kinaitwa ulinzi wa hakimiliki.

Najua kuna mdau ataniambia: "Lakini wasanii walikuwa wanaibiwa, ulitaka lebo ikae kimya?" Hoja nzuri na haipuuzwi. Wizi wa nyimbo unaumiza, na anayeumia zaidi ni msanii mdogo. Ila angalia nani aliyeumizwa na lile kufuli. Yule anayevuta nyimbo bure mtandaoni hakuguswa, kwa sababu hakununua CD. Aliyeguswa ni yule mwaminifu aliyekwenda dukani akatoa hela yake. Hapo umemfundisha nini? Umemfundisha kwamba cha wizi ni salama kuliko cha halali. Kuna bendi moja iliyokuwa na CD ya namna hiyo, mwanachama wake akaamua kuwaelekeza mashabiki namna ya kulikwepa kufuli. Ukiona msanii mwenyewe amefika huko, ujue lebo imepotea njia.

Historia ikaamua. Kuanzia 2007 malebo yakaanza kuuza nyimbo mtandaoni bila kufuli, na Januari 2008 Sony BMG ikawa ya mwisho kati ya zile kubwa kukubali. Biashara haikufa. Watu walirudi kulipia pale bei ilipokuwa nzuri na usumbufu ulipoisha.

Lakini tusijidanganye kwamba ugomvi umeisha, umehama tu. Gemu la Valorant lilipotoka mwaka 2020, mlinzi wake anayeingia ndani kabisa ya Windows alizua ubishi uleule. Tofauti yake ni kwamba wenyewe wanakwambia yupo na unaweza kumtoa. Julai 2024 kampuni ya ulinzi ya CrowdStrike ilikosea sasisho moja, kompyuta kama milioni 8.5 zikazima na ndege zikakwama viwanjani. Hao hawakuwa na nia mbaya hata kidogo. Ndiyo ujue kwamba anayekaa ndani kabisa ya mashine yako, hata akiwa mtu mwema, akijikwaa unaanguka wewe.

Na huku kwetu tunazo app za mikopo zinazoomba kusoma namba zote kwenye simu yako, ukichelewa kulipa siku mbili shangazi yako anapigiwa. Mwaka 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilibidi itoe orodha ya zile zisizo na leseni. Ni mtindo uleule wa 2005: dirisha la masharti, kitufe cha kukubali, halafu mgeni anahamia ndani.

Msimamo wangu ni huu. Kampuni ilinde mali yake, sawa. Ila ikitaka kuingia kwenye kifaa changu, iniambie wazi inaingia kufanya nini, niweze kukataa, na nikiitoa itoke kweli. Ikishindwa hata moja, hiyo si tofauti na mwizi, hata kama ina risiti.

Wewe uko upande gani? Lebo ilionewa, au adhabu ilikuwa ndogo? Shuka kwenye komenti tubishane, ila matusi acheni nyumbani.