Ovakloki kwenye nchi ya joto: Jinsi ya kuchagua feni na kipoza cha kompyuta yako

Unataka kompyuta yako ya nyumbani ikimbie zaidi bila kununua prosesa mpya? Hapo ndipo watu wanapofanya ovakloki, yaani kuilazimisha prosesa iende kwa kasi kubwa kuliko iliyopangiwa kiwandani.

Kasi hiyo haiji bure. Inakuja na joto. Na kama unaishi Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Unguja, joto tayari unalo chumbani kabla hujawasha mashine.

Kwa hiyo usianze kwa kuuliza feni ipi ina taa nzuri. Uliza mambo mawili: prosesa yangu itatoa wati ngapi za joto, na hewa ya chumba changu ina nyuzi ngapi? Ukiyajua hayo, kuchagua kunakuwa rahisi.

Kwanza, prosesa yako inakubali?

Usinunue kipoza kikubwa kwa ajili ya prosesa iliyofungwa.

Kwa Intel, tafuta herufi K kwenye jina, mfano Core i5-13600K, pamoja na bodi ya daraja la Z kama Z690 au Z790. Prosesa nyingi za Intel zisizo na K zimefungwa.

Kwa AMD, Ryzen nyingi za kompyuta za mezani ziko wazi, lakini bodi nayo lazima ikubali. Bodi za B na X, mfano B450, B550, X570 na B650, zinakubali. Za A, kama A320 na A520, hazikubali. Ryzen 7 5800X3D nayo imefungwa hata ukiiweka kwenye bodi nzuri.

Zile kompyuta za ofisini zilizotumika, kama Dell OptiPlex na HP EliteDesk, kwa kawaida haziruhusu ovakloki. Ukiwa nayo, hela yako bora iende kwenye RAM au SSD.

Joto hupanda haraka kuliko kasi

Ukiongeza kasi peke yake kwa asilimia 10, joto nalo huongezeka karibu kiasi hicho hicho. Shida ni kwamba mara nyingi lazima uongeze na volteji, la sivyo mashine inazima katikati ya kazi. Na joto huenda na volteji zidisha kwa volteji.

Mfano: unatoka 4.2 GHz kwa volti 1.25 kwenda 4.6 GHz kwa volti 1.35. Kasi imepanda kwa asilimia 9 na nusu hivi. Joto limepanda karibu asilimia 28. Kipoza kilichokuwa kinatosha jana, leo kinahema.

Pia usidanganywe na namba moja ya wati kwenye boksi. Core i9-13900K imeandikwa wati 125, lakini ikikimbia kwa nguvu zote Intel yenyewe inaipa hadi wati 253. Ryzen 9 7950X imeandikwa 170, ila inaruhusiwa kufika 230. Hapo bado hujagusa ovakloki. Chagua kipoza kwa kufuata namba ile kubwa.

Pangaboi halishushi joto la chumba

Unalijua pangaboi la darini. Linasukuma hewa, wewe unasikia nafuu, lakini kipimajoto cha ukutani hakishuki. Feni ya kompyuta ni hivyo hivyo: inaondoa joto kwenye chuma na kulipeleka kwenye hewa. Haiwezi kuifanya prosesa iwe ya baridi kuliko hewa inayoivuta. Hata kipoza cha maji hakiwezi.

Chukua hesabu hii ya mfano. Kipoza fulani kinaiacha prosesa ipande nyuzi 0.3 juu ya joto la hewa kwa kila wati moja. Prosesa ikitoa wati 200, itakuwa nyuzi 60 juu ya hewa. Kwenye chumba chenye AC ya nyuzi 22, unasoma 82. Kwenye chumba cha nyuzi 32, mchana wa Februari Dar, unasoma 92.

Prosesa ile ile, kipoza kile kile. Huku iko salama, kule inakaribia ukomo.

Ukomo wenyewe ni nyuzi 100 kwa Intel nyingi za kizazi cha 13 na 14, na nyuzi 95 kwa Ryzen 7000 nyingi. Ikifika hapo, prosesa hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Yaani umefanya ovakloki, halafu unapata kasi ndogo kuliko ulivyotarajia.

Ndiyo maana majaribio ya YouTube yaliyofanyiwa Ulaya kwenye chumba cha nyuzi 20 uyasome kwa akili. Chumba chako kikiwa na nyuzi 32, ongeza karibu nyuzi 12 juu ya matokeo yao. Ndugu zetu wa Nairobi na Arusha wana nafuu. Kule juu hewa ni nyepesi na feni hubeba joto kidogo pungufu, ila ubaridi wa hewa unafidia.

Kipoza kipi kwa kazi ipi?

1. Kipoza kidogo kinachokuja na prosesa. Kinatosha matumizi ya kawaida. Kwa ovakloki kwenye chumba cha joto, kisahau.

2. Mnara mmoja wenye feni ya milimita 120, kama Cooler Master Hyper 212. Mabomba ya shaba yanapandisha joto kwenye mapezi ya alumini, feni inalipuliza. Unafaa prosesa za kati, zenye nyuzo sita hivi, na ovakloki ya wastani.

3. Minara miwili yenye feni mbili, kama Thermalright Peerless Assassin 120 au Noctua NH-D15. Kwa watu wengi wa pwani hapa ndipo pa kusimama. Nguvu yake inakaribia vipoza vingi vya maji, na kitu cha kuharibika ni feni tu, ambayo unaibadilisha kwa dakika kumi.

4. Kipoza cha maji chenye rejeta ya milimita 240, 280 au 360. Kinafaa prosesa inayotoa wati 200 na zaidi. Rejeta ya 360 ina nafasi ya feni tatu, kwa hiyo inatoa joto jingi kwa kelele ndogo. Lakini kina pampu, na pampu ikifa umebaki na pambo. Maji nayo hupungua polepole kupitia mipira kadiri miaka inavyokwenda. Ukikifunga, sehemu ya juu ya rejeta iwe juu kuliko pampu, ili mapovu ya hewa yasikae kwenye pampu.

Kabla ya kulipa, pima vitu vitatu. Cha kwanza ni urefu: NH-D15 ina milimita 165, na makasha mengi madogo hayaifungi mlango. Cha pili ni soketi: vibanio vya LGA1200 si vya LGA1700, kwa hiyo uliza kama boksi lina vibanio vyako. Cha tatu ni RAM: vipoza vikubwa huifunika, na RAM yenye mapambo marefu inaweza kugoma kuingia.

Feni: soma namba, si taa

Feni ina namba mbili muhimu. Ya kwanza ni kiasi cha hewa, kinachoandikwa CFM. Ya pili ni shinikizo, linaloandikwa mmH2O, yaani uwezo wa kuisukuma hewa ipite mahali pagumu.

Feni ya kutoa hewa nyuma ya kasha, ambako hakuna kizuizi, angalia CFM. Feni ya kwenye kipoza, kwenye rejeta au nyuma ya chujio la vumbi, angalia shinikizo. Kwa kipimo tu, Noctua NF-A12x25 ina CFM 60 na shinikizo 2.34, na Arctic P12 ina CFM 56 na shinikizo 2.2. Ukikuta feni imeandikwa CFM tu, bila shinikizo, usiiweke kwenye rejeta.

Mengine ya kuangalia:

Ukubwa. Feni ya milimita 140 husukuma hewa sawa na ya 120 huku ikizunguka taratibu, kwa hiyo kelele ni ndogo.

Pini. Chukua ya pini nne. Bodi inaiongoza vizuri: mashine ikipoa inatulia, ikichemka inakimbia. Feni nyingi za bei rahisi zenye taa huchomekwa moja kwa moja kwenye pawasaplai, zinazunguka kwa mwendo mmoja usiku na mchana na huna cha kuzifanya.

Umeme. Soketi nyingi za feni kwenye bodi hubeba ampea 1. Usiunge feni sita kwenye soketi moja.

Beringi. Zile za kawaida kabisa hukauka mapema kwenye joto na kuanza kulia. Beringi za mafuta au za gololi hudumu zaidi.

Njia ya hewa na vumbi

Kipoza cha bei mbaya ndani ya kasha lililozibwa ni hela iliyotupwa. Kinazungusha hewa ile ile ya moto.

Mpangilio rahisi: feni mbili au tatu mbele zikiingiza, moja nyuma ikitoa, na nyingine juu ikitoa kama kuna nafasi. Feni nyingi hutoa hewa upande ule wenye miguu inayoshikilia mota. Ukiwa na shaka, sogeza kipande cha tishu: kikivutwa, hapo ndipo hewa inapoingia.

Zinazoingiza zikizidi kidogo zinazotoa, na zina machujio, vumbi linapungua. Safisha machujio kila mwezi kama unakaa karibu na barabara ya vumbi. Acha nafasi ya kiganja kimoja kati ya kasha na ukuta, na usilifungie kabatini wala kulifunika kitambaa likiwa linafanya kazi.

Ukihamia kipoza cha maji, kumbuka vile vipande vinavyoilisha prosesa umeme, vilivyo pembeni yake kwenye bodi. Vilikuwa vinapepewa na feni ya kipoza cha zamani. Sasa vinategemea hewa ya kasha.

Pesti, kitu kidogo chenye kazi kubwa

Kati ya prosesa na kipoza kuna pesti ya kupitisha joto. Futa ya zamani kwa spiriti, weka tone la ukubwa wa punje ya njegere, halafu kaza skrubu kwa mshazari, kidogo kidogo. Na bandua karatasi ya plastiki iliyo chini ya kipoza kipya! Ukiisahau, mashine itachemka mara moja.

Pima saa nane mchana

Ukishafunga kila kitu, panda taratibu: MHz 100, jaribu, tena 100, jaribu. Tumia HWiNFO kusoma nyuzi, na OCCT au Cinebench kuichosha prosesa kwa nusu saa. Fanya hivyo saa nane mchana, si saa nane usiku. Mashine iliyopita mtihani usiku inaweza kufeli jua likiwa utosini.

Lenga nyuzi 85 au chini ya hapo ikiwa kazini. Ukizidi, punguza volteji kwanza. Kwa Ryzen 5000 na kuendelea, jaribu Curve Optimizer kwenye BIOS: mara nyingi inapunguza joto na kasi inapanda kidogo, bila kununua chochote.

Wenye Core i7 na i9 za kizazi cha 13 na 14: mwaka 2024 Intel ilieleza kuwa volteji iliyozidi ilikuwa inaziharibu baadhi ya prosesa hizo, na ikatoa marekebisho kupitia BIOS. Sasisha BIOS kabla ya kugusa ovakloki. Hilo halitibiwi na kipoza. Na ujue kwamba ovakloki inaweza kukupotezea dhamana ya prosesa.

Hela ikiwa ndogo, anza hivi

Safisha vumbi na badilisha pesti. Kisha ongeza feni mbili nzuri mbele ya kasha. Kisha nunua kipoza cha mnara. Kipoza cha maji kiwe cha mwisho, pale tu ambapo namba zako za saa nane mchana zinaonyesha mnara umeshindwa.