Wachongaji wa Wamunyu na Baraza la Biashara la Afrika Mashariki

WAMUNYU ni mji mdogo ulio kando ya barabara itokayo Machakos kwenda Kitui, katika eneo la Mwala. Ni nchi kavu, ambako mvua hukosa mara kwa mara na mkulima hawezi kutegemea shamba pekee. Jina la mji huu limevuka bahari kwa sababu ya vinyago. Twiga, vifaru, bakuli, vijiko vya saladi na sanamu za wazee wenye mikongojo, ambazo mtalii huzifunga katika begi lake akirejea Ulaya au Marekani, nyingi zimetokana na mikono ya watu wa hapa au ya jamaa zao waliohamia Mombasa, Malindi, Nanyuki na Gikomba jijini Nairobi.

Ufundi huo wa vinyago vya kuuza, hata hivyo, haukuanzia Ukambani. Ulikuja kutoka nchi jirani. Kwa sababu hiyo historia ya Wamunyu ni mfano mzuri kwa yeyote anayetaka kufahamu biashara ya majirani hujengwa namna gani, na kwa nini leo biashara hiyo inahitaji vyama na mabaraza ya wanachama.

Wakamba walikuwa wakichonga tangu zamani: vigoda vya wazee, vijiko, fimbo na vyombo vya kuwekea tumbako. Vitu hivyo vilikuwa vya matumizi ya nyumbani. Mabadiliko yalikuja na Vita Vikuu vya Kwanza, vya mwaka 1914 hadi 1918, wakati Waafrika wengi walipochukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi la Uingereza katika nchi iliyokuwa koloni la Wajerumani na baadaye kuitwa Tanganyika. (Kikosi hicho cha wapagazi ndicho kilichoacha majina ya Kariakoo jijini Dar es Salaam na Kariokor jijini Nairobi.) Miongoni mwa waliokwenda alikuwa Mutisya wa Munge wa Wamunyu. Masimulizi yanatofautiana kuhusu walimu wake. Wapo wanaowataja Wazaramo na wapo wanaowataja Wamakonde. Yanakubaliana kwamba aliona huko watu wakichonga sanamu kwa ajili ya kuuza, akajifunza, na aliporudi nyumbani akaanza kazi hiyo. Inasimuliwa kuwa mwanzoni alichonga kwa siri, kisha ujuzi ukaenea kwa jamaa na majirani.

Katika miaka ya 1950 biashara hiyo ilikuwa kubwa kiasi cha kumvutia mchumi Walter Elkan, ambaye mwaka 1958 alichapisha uchunguzi kuhusu biashara ya vinyago vya Afrika Mashariki. Wakamba walikuwa wakichonga na pia wakiuza wenyewe, wakisafiri mbali na mizigo yao. Jambo hilo halikuwa geni kwao. Katika karne ya 19 misafara ya Wakamba ilikuwa ikipeleka pembe za ndovu pwani, na Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Kitui, ndiye aliyempokea mmisionari Krapf mwaka 1849.

Katika miaka ya 1960 wachongaji walianza kujiunga katika vyama vya ushirika. Chama cha Changamwe, Mombasa, kilianzishwa mwaka 1963, na Wamunyu pia ikawa na chake katika muongo huohuo. Utaratibu wa vyama hivi ni rahisi kueleza. Mchongaji hununua hisa na kuwa mwanachama. Hupewa namba, na kila kinyago anachokileta katika ukumbi wa maonyesho huandikwa namba hiyo pamoja na bei. Kikiuzwa, chama hukata sehemu yake na mwenye namba hulipwa kinachobaki. Mnunuzi wa ng'ambo anayetaka bakuli elfu moja hahitaji kuzunguka nyumba kwa nyumba. Huandika barua moja kwa chama, na chama hugawa kazi.

Faida ya pili ya ushirika haionekani haraka. Mchongaji mmoja hana njia ya kuzungumza na wizara wala na idara ya forodha. Chama kinayo. Ngazi hii ya kwanza ikikosekana, zile za juu hazina pa kusimamia, na hapa ndipo mazungumzo mengi kuhusu biashara ya kikanda hupotea. Husifiwa mabaraza makubwa, na anayelipa ada kule chini akasahauliwa.

Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1967 na Kenya, Uganda na Tanzania, ilivunjika mwaka 1977. Februari ya mwaka huo Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, nao haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Kwa zaidi ya miaka sita ufundi uliotoka Tanganyika na nchi yake ya asili vilitenganishwa na lango lililofungwa. Mkataba wa Jumuiya mpya, uliotiwa sahihi Arusha tarehe 30 Novemba 1999, unakiri katika utangulizi wake sababu za kuanguka kwa ile ya kwanza. Pamoja na ukosefu wa nia ya kisiasa na mgawanyo usio sawa wa faida, unataja kutokuwepo kwa ushiriki wa nguvu wa sekta binafsi na asasi za kiraia. Kwa maneno mengine, serikali ziliungana bila wafanyabiashara wao.

Baraza la Biashara la Afrika Mashariki, lijulikanalo kwa kifupi EABC, lilianzishwa ili kuziba pengo hilo. Liliundwa mwaka 1997, miaka miwili kabla ya Mkataba kutiwa sahihi, na makao yake yako Arusha, mji uleule wa makao makuu ya Jumuiya. Ni baraza la wanachama. Wanaojiunga ni vyama vya kitaifa vya wenye viwanda na wafanyabiashara, mashirikisho ya sekta binafsi na kampuni zinazofanya kazi katika nchi za Jumuiya. Baraza lina hadhi ya mwangalizi katika Jumuiya, hivyo hukaa katika vikao ambamo kanuni za ushuru, viwango na usafiri hujadiliwa. Halitungi sheria. Uwezo wake ni kukusanya malalamiko na ushahidi wa wanachama na kuyafikisha mbele ya wanaotunga.

Uwakilishi huo umekuwa na umuhimu kadiri Jumuiya ilivyokua. Umoja wa Forodha ulianza kazi tarehe 1 Januari 2005, na kwa miaka mitano ya kwanza baadhi ya bidhaa za Kenya ziliendelea kutozwa ushuru uliopungua mwaka hadi mwaka zilipoingia Uganda na Tanzania. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Rwanda na Burundi zilijiunga mwaka 2007, Sudan Kusini mwaka 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022, kisha Somalia. Ushuru ulipopungua, vikwazo vya namna nyingine vilijitokeza: vibali vinavyorudiwa, viwango visivyotambuliwa upande wa pili, vizuizi vya barabarani na maagizo ya ghafla.

Kwa mwenye vinyago, kanuni iliyo muhimu kuliko zote ni ile ya asili ya bidhaa. Kinyago kilichochongwa Machakos kwa mti uliokua katika nchi za Jumuiya ni bidhaa ya Jumuiya, na hakipaswi kutozwa ushuru wa forodha kinapoingia Tanzania au Uganda. Uthibitisho wake ni cheti cha asili ya bidhaa. Kwa mizigo midogo, yenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, nchi wanachama zilikubaliana kuwe na cheti chepesi kinachotolewa na afisa wa forodha palepale mpakani kwa bidhaa zilizo katika orodha maalumu. Cheti hicho huondoa ushuru wa forodha tu. Kodi ya ongezeko la thamani ya nchi inayopokea mzigo bado hudaiwa, na wafanyabiashara wengi wadogo huchanganya mambo haya mawili, wakaamini wamedhulumiwa mahali ambapo sheria imefuatwa. Wengine huogopa makaratasi na kupitia njia za panya, ambako hupoteza zaidi.

Vituo vya huduma kwa pamoja mpakani vimesaidia. Kile cha Namanga, kinachotumiwa na mizigo mingi ya kutoka Nairobi kwenda Arusha, kilifunguliwa rasmi mwezi Desemba 2018 na marais Uhuru Kenyatta na John Magufuli. Maafisa wa nchi mbili hukaa chini ya paa moja, na msafiri husimama mara moja badala ya mara mbili.

Kuvusha mzigo ni jambo moja, kufungua duka ni jambo jingine. Mwezi Julai 2025 serikali ya Tanzania ilitangaza agizo lililowazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15. Katika orodha hiyo yalikuwemo maduka ya bidhaa za sanaa na kumbukumbu, na pia viwanda vidogo. Kwa Wakenya wanaouza vinyago na vyondo katika miji ya watalii ya kaskazini mwa Tanzania, agizo hilo liligusa riziki moja kwa moja. Serikali ya Kenya ilieleza wasiwasi wake ikirejelea Itifaki ya Soko la Pamoja, ambayo kifungu chake cha 13 kinampa raia wa nchi mwanachama haki ya kuanzisha shughuli za kiuchumi katika nchi nyingine mwanachama. Upande wa Tanzania hoja ilikuwa kuwalinda wananchi wenye mitaji midogo dhidi ya wageni waliojaa katika biashara za rejareja, hasa Kariakoo. Hoja hiyo haiwezi kupuuzwa. Mchongaji wa Mwenge, Dar es Salaam, naye ana watoto wa kulisha. Udhaifu wa agizo ni kwamba halikutofautisha mgeni wa mbali na jirani wa Jumuiya.

Katika mgogoro wa namna hii kampuni kubwa yenye wanasheria hupata mlango wa kubisha. Mwenye duka la vinyago hupata mlango huo ikiwa tu chama chake kiko hai, kiko ndani ya chama cha kitaifa, na chama cha kitaifa kinapeleka jambo lake Arusha pamoja na mambo ya saruji, chuma na maziwa. Ni ngazi ndefu. Wajasiriamali wadogo wana pia shirikisho lao la kikanda, ambalo kwa kushirikiana na Sekretarieti ya Jumuiya limekuwa likiandaa maonyesho ya Jua Kali na Nguvu Kazi tangu mwaka 1999, yakizunguka kutoka nchi moja hadi nyingine. Maonyesho hayo huwakutanisha mafundi kwa siku chache kila mara. Baada ya hapo kila mmoja hurudi kwao, na mara nyingi kinachobaki ni namba ya simu.

Jambo linalowaunganisha zaidi mafundi wa nchi hizi mbili, na ambalo halijazungumzwa vya kutosha, ni mti wenyewe. Makadirio ya miaka ya 1990 yalitaja wachongaji wapatao 60,000 nchini Kenya na mapato ya nje ya karibu dola milioni 20 kwa mwaka. Idadi hiyo ililemea misitu. Mpingo uliadimika Ukambani, na muhugu, ambao huchukua miongo mingi kufikia unene wa kuchongwa, ukawindwa hadi katika msitu wa Arabuko-Sokoke huko Kilifi. Watafiti na vyama vya ushirika vilianzisha kampeni ya kutumia miti ipandwayo mashambani: mwarobaini, jakaranda na miembe. Miti hiyo hukua upesi, lakini mchongaji hulazimika kuikausha kwa subira, la sivyo kinyago hupasuka kikifika katika nyumba yenye joto la mashine huko Ulaya. Wanunuzi waliozoea uzito wa mti mgumu nao hukataa kulipa bei ileile.

Wakati huohuo, mkoani Lindi nchini Tanzania, vijiji vya Kilwa vilipewa mamlaka juu ya misitu yao, na mwaka 2009 vikapata cheti cha kimataifa cha FSC cha usimamizi bora wa misitu, vikiwa na mpingo halali wa kuuza. FSC lenyewe ni baraza la wanachama. Tangu mwaka 2017 mpingo umo katika orodha ya mkataba wa kimataifa wa CITES, kwa hiyo gogo lake haliwezi kuvuka mpaka bila kibali, ingawa mtalii anaruhusiwa kubeba vinyago vilivyokamilika visivyozidi kilo 10.

Kilwa wana mti na Wamunyu wana soko lililojengwa kwa karne moja, na kwa kanuni za Jumuiya kinyago kilichochongwa Kenya kwa mpingo wa Tanzania huhesabiwa kuwa bidhaa ya Afrika Mashariki. Biashara hiyo ingehitaji kibali cha CITES kutoka Tanzania, cheti cha asili ya bidhaa kutoka Kenya, mnunuzi aliye tayari kulipia mti wenye cheti, na makubaliano kwamba sehemu ya kuchonga ibaki Kilwa ili vijiji visiuze magogo matupu. Makaratasi hayo hayawezi kuandaliwa na mchongaji mmoja wala na kijiji kimoja. Ni kazi ya ofisi, na ofisi za kuifanya tayari ziko Machakos, Nairobi, Dar es Salaam na Arusha.