Maji ya Mkonge na Kaakaa la Panya

Historia ya mkonge katika pwani ya Tanga huandikwa kwa kawaida kama historia ya singa, yaani nyuzi zinazosokotwa kuwa kamba, na ya manamba walioletwa kutoka bara kuja kuukata, huku maji ya mkonge, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya uzito wa jani, yakitajwa kama taka tu. Hata hivyo ni maji hayo yanayoyaunganisha mashamba ya Kigombe na ya majirani zake na tawi la sayansi lisiloelekea kuwa na udugu wowote na kilimo, nalo ni upimaji wa kemikali katika maabara ili kujua kama zinamdhuru kiumbe aliye tumboni, upimaji ambao umewategemea sana panya wenye mimba.

Kigombe ni kijiji cha wavuvi wilayani Muheza, kando ya barabara ya pwani itokayo Tanga kwenda Pangani, na mkonge uliozunguka eneo hilo ulianzia karibu. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza vichipukizi 1,000 kutoka Florida, vikafika hai 62 tu, navyo vikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Jani la mkonge likipitishwa kwenye korona, yaani mashine inayolisaga na kulikwangua, hutoa singa zisizozidi sana sehemu 4 kwa 100 za uzito wake. Kinachobaki ni makapi na maji ya kijani yenye kuwasha ngozi, ambayo kwa miongo mingi yalimwagwa mitaroni na mitoni bila mtu kuyathamini.

Thamani yake ilifichuliwa na uhaba wa dawa. Mwezi Septemba 1948 daktari Philip Hench wa Marekani alimdunga mgonjwa wa baridi yabisi homoni iitwayo kotisoni, na mgonjwa aliyekuwa hajiwezi akaanza kutembea baada ya siku chache. Kotisoni ni mojawapo ya steroidi, kundi la kemikali zenye umbo moja la msingi ambazo baadhi yake hutengenezwa na tezi zilizo juu ya figo, na wakati huo kiwandani ilitokana na nyongo ya ng'ombe kwa hatua zaidi ya 30, kiasi kwamba mahitaji ya mgonjwa mmoja yalikula nyongo ya ng'ombe wengi. Mwaka 1951 wanakemia watatu waliokuwa Uingereza, Callow, Cornforth na Spensley, walieleza kwamba taka za mkonge wa Afrika Mashariki zina hekojenini, kemikali ya mmea ambayo umbo lake linaweza kugeuzwa hatua kwa hatua mpaka liwe kotisoni. Kampuni ya Glaxo iliichukua njia hiyo, ikawa inapata malighafi kutoka Kenya na Tanganyika, na baadaye ikatengeneza kutokana na hekojenini steroidi kali zaidi iitwayo betamethasoni.

Katika miaka hiyohiyo kotisoni ilikuwa inajaribiwa mahali pengine kwa swali tofauti kabisa. Katika Chuo Kikuu cha McGill, mjini Montreal, mtaalamu wa urithi wa maumbile F. Clarke Fraser pamoja na wenzake waliwadunga kotisoni panya wadogo wenye mimba, kuanzia karibu siku ya 11 ya mimba ambayo kwa panya hao haifiki wiki tatu, wakaona watoto wakizaliwa na mpasuko wa kaakaa, yaani paa la kinywa likiwa halijaungana. Isidhaniwe kwamba dawa waliyodungwa ilitoka Tanga, kwa kuwa majaribio ya Montreal yalianza kuchapishwa mwaka 1950, kabla mkonge haujaingia katika biashara hiyo.

Lililo zito zaidi katika matokeo ya Fraser ni kwamba panya hawakuathirika sawasawa. Katika ukoo wa panya weupe uitwao A, karibu watoto wote walipata mpasuko, ilhali katika ukoo wa panya weusi uitwao C57BL waliopata hawakufika hata mmoja kati ya watano, ingawa dawa na kipimo vilikuwa vilevile. Kwa hiyo madhara kwa kijusi, yaani kiumbe ambaye viungo vyake vimekwisha kujipambanua, hayategemei sumu peke yake, bali hutegemea pia siku ambayo sumu imefika, wingi wake, na nasaba ya mama na mtoto. Mkunga wa pwani anayempangia mja mzito miiko kwa kuhesabu miezi asingelishangaa sana kusikia habari ya siku; habari ya nasaba ndiyo iliyokuwa mpya.

Somo hilo halikuwafikia watengenezaji wa dawa kwa wakati. Thalidomidi, dawa ya usingizi iliyoanza kuuzwa Ujerumani mwaka 1957, iliondolewa sokoni huko mwezi Novemba 1961 baada ya kuwadhuru watoto wanaokadiriwa kuwa zaidi ya 10,000 duniani, wengi wao wakizaliwa na mikono au miguu mifupi mno. Ilipochunguzwa upya, panya walionekana kuistahimili kwa kiasi kikubwa, lakini baadhi ya sungura walizaa watoto wenye vilema. Ndiyo sababu taratibu zilizofuata, zikiwemo za Marekani za mwaka 1966 na mwongozo namba 414 wa shirika la OECD wa mwaka 1981, hazikuridhika na panya pekee. Kwa mujibu wa mwongozo huo, kemikali hupewa wanyama wenye mimba katika angalau vipimo vitatu tofauti, pamoja na kundi lisilopewa kemikali hiyo. Mama hupasuliwa siku moja hivi kabla ya kuzaa, na vijusi hukaguliwa kimoja kimoja, vingine viungo laini na vingine mifupa iliyotiwa rangi nyekundu ili ionekane.

Ukaguzi huo hutoa onyo, wala si hukumu, na steroidi ndizo zinazolithibitisha jambo hilo kuliko kemikali nyingine. Mwaka 1972 Liggins na Howie wa New Zealand walitangaza kwamba betamethasoni ileile, akidungwa mama anayekaribia kujifungua kabla ya wakati, huyakomaza mapafu ya mtoto. Kufikia hatua hiyo ya mimba kaakaa la mtoto limekwisha kufunga zamani. Mwaka 2020 utafiti wa Shirika la Afya Duniani, uliofanyika katika nchi tano, Kenya ikiwa mojawapo, ulionyesha kwamba deksamethasoni, pacha wa betamethasoni anayetofautiana nayo kwa mwelekeo wa kipande kimoja tu cha umbo lake, hupunguza vifo vya watoto njiti. Dawa za kundi lilelile lililopasua kaakaa la panya zikawa dawa za wodi ya wazazi, kwa kuwa siku na kipimo vilijulikana.

Hekojenini ya mkonge ilikuja kushindwa na njia nafuu zaidi za kutengeneza steroidi, na singa nazo zikapigwa na nyuzi za plastiki. Kaakaa la kijusi cha panya bado hukaguliwa kemikali zinapojaribiwa kwa panya wenye mimba.