Bud Powell na mara tatu za "Un Poco Loco"

Tesiti zimeisha jana, bumu bado, kwa hiyo usiku nimejilaza na hedifoni zangu nasikiliza The Amazing Bud Powell. Rumeti wangu anasema hiyo piano ni kama mtu anashuka ngazi mbio. Hajakosea sana.

Bud alizaliwa New York mwaka 1924, mtoto wa Harlem. Wapiga piano wakubwa wa pale walikuwa wanarusha mkono wa kushoto huku na huku, mkono mmoja unafanya kazi ya bendi nzima. Miaka ya 1940 akina Charlie Parker wakaleta bibopu, mwendo wa kasi, na Bud akabadilisha mambo: kushoto anadonoa kodi mojamoja tu, kulia anatiririka kama saksafoni ya Parker. Wapiga piano wengi wa jazz waliofuata wamepita njia hiyo.

Sasa kinachoniuma. Januari 1945, ana miaka 20, polisi walimpiga kichwani kule Philadelphia. Hakukaa sawa tena. Mwishoni mwa 1947 akalazwa hospitali ya Creedmoor karibu mwaka mzima, na huko akapigwa shoti za umeme. Halafu cheki tarehe za kurekodi albamu: Agosti 1949 na Mei 1951. Yaani yote hii kaifanya BAADA ya hayo!

Mwaka 1949 yumo Fats Navarro kwenye tarumbeta (alifariki mwaka uliofuata, miaka 26 tu jamani) na dogo wa miaka 18 anaitwa Sonny Rollins. Nzuri sana, lakini mimi nimeng'ang'ania ile ya 1951, "Un Poco Loco", Kihispania hicho, maana yake kichaa kidogo. Wako watatu: Bud, Curly Russell kwenye besi, na Max Roach na ngoma zake pamoja na kengele fulani hivi inayogongwa mpaka unasahau kuhesabu. Blue Note waliweka wimbo huo mara tatu, kama ulivyorudiwa studio.

Watu hupenda kusema ukichaa ndio ulimpa kipaji. Mimi nakataa. Zisikilize zote tatu mfululizo: kila mara solo anaijenga upya, anaacha kitu, anajaribu kingine. Huyo ni mtu yuko kazini, anajua anachotafuta.

Saa nane usiku rumeti kaamka, kauliza hiyo ya ngapi. Nikamwambia ya tatu. Kaomba sikio moja.