Ukuta, Kanga na Mtoto Mchanga (Sehemu ya 5)

Leo si homa wala si chanjo. Leo ni rangi ya ukuta na kanga ya dirishani. Usiseme "nesi naye kaingia kwenye upambaji". Nivumilie, mwisho utaona tunarudi pale pale kwa mtoto.

Nianze na wifi yangu, hapa hapa Wesha. Alipokaribia kujifungua, mumewe alimpakia chumba rangi mpya, manjano iliyoiva kama embe. Dirishani pazia la kanga, manjano na nyekundu. Kitandani kitenge cha rangi hizo hizo. Chumba kiling'ara mashallah, kila aliyeingia alikisifu.

Siku ya nne nikaenda kumtazama mzazi. Mtoto kalala, nikamwona kama wa manjano. Bibi yake akanambia, "Si mtoto huyo, mwanangu, ni ukuta. Humu ndani sote wa manjano." Nikatazama viganja vyangu, na kweli, hata mie nilikuwa wa manjano! Yaani mie, mwenye stashahada ya uuguzi na miaka yangu wodini, nilisimama pale sijui ninachokiona.

Nikamchukua mtoto mpaka barazani, kwenye mwanga wa mchana. Weupe wa macho yake ulikuwa wa manjano hasa. Haukuwa ukuta. Tukaenda hospitali, akawekwa chini ya taa, na leo ni mtoto wa kukimbizana na kuku. Lakini watu walikuwa wameshamuona siku mbili kabla yangu, na kila mmoja alisema ni rangi ya chumba.

Tangu siku ile nikawa najiuliza: wazee wetu nao walipenda rangi, je, wao walipambaje?

Tuanze karibu. Kwenye ncha ya Ras Mkumbuu, magharibi ya Chake Chake, yapo magofu ya mji wa zamani: msikiti, na makaburi yaliyosimamishiwa nguzo za mawe. Kuta zile ni mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa. Na chokaa yenyewe ilitoka humo humo kwenye matumbawe. Yanapangwa juu ya kuni, yanachomwa mpaka yanalainika, kisha yanamwagiwa maji. Kinachopatikana ni cheupe pe.

Pwani yetu yote ilijengwa hivyo. Vyumba vya nyumba za mawe vilikuwa vyembamba, kwa sababu dari ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haiwezi kuwa ndefu zaidi ya mti wenyewe. Madirisha machache. Sasa chumba chembamba, kirefu, cha kiza kiza, utakitia mwanga kwa nini? Kwa ukuta mweupe. Kule Lamu na Pate, katika nyumba za karne ya 18, mafundi walichonga zidaka kwenye ukuta huo, vijishubaka safu juu ya safu, na ndani yake wakapanga sahani za kaure kutoka Uchina. Ukuta ulibaki mweupe. Rangi ilikuwa kwenye sahani, kwenye mazulia na kwenye nguo.

Kwenye nyumba za udongo na makuti hali ilikuwa hiyo hiyo kwa njia ya kimaskini. Ukuta ulikuwa rangi ya udongo, na aliyejiweza aliupaka chokaa. Wengine walitia nili kidogo ukawa samawati ya mbali. Na chokaa ilikuwa na faida ya kiafya pia: ni kali, vijidudu vingi haviishi juu yake.

Sasa njoo kwenye nguo. Katika karne ya 19 kitambaa kilichotawala hapa kilikuwa merikani, pamba nzito isiyotiwa rangi, iliyoletwa na wafanyabiashara wa Marekani, hasa wa mji wa Salem. Jina lenyewe linakwambia kilikotoka. Merikani ikichovywa kwenye nili ikawa nyeusi nyeusi inaitwa kaniki. Kaniki ndiyo iliyovaliwa na watumwa na mafukara. Hapa Pemba, kwenye mikarafuu, mwanamke wa kazi ungemjua kwa mbali kwa kaniki yake.

Kanga ilikuja mwishoni mwa karne hiyo. Inasimuliwa kuwa ilianza kwa leso, vitambaa vya mkononi, vilivyonunuliwa bila kukatwa na kushonwa pamoja kupata nguo kubwa. Mombasa, mwaka 1887, familia ya Kaderdina Hajee Essak ilianza biashara, na mpaka leo ukiona "Mali ya Abdulla" kwenye kanga, ni wao. Kisha mwaka 1897 ikatoka amri ya kufuta hadhi ya utumwa Unguja na Pemba. Wanawake waliotoka utumwani wakaitupa kaniki, wakajifunga kanga. Kwa hiyo rangi kali za kanga si urembo mtupu, shoga yangu. Kwa bibi zetu zilikuwa ni kusema "na mimi ni mtu".

Ndiyo maana sitakwambia uache kanga zako za kupiga kelele. Hata kidogo. Ila angalia jambo moja: kanga ilipiga kelele mbele ya ukuta ulionyamaza. Mmoja anasema, mwengine anasikiliza.

Kilichobadilika ni ukuta. Rangi za ndoo zimeingia madukani, za maji na za mafuta, zambarau, chungwa, kijani cha mgomba. Ukuta nao umepata mdomo. Pazia linasema, kitanda kinasema, ukuta unasema, na mzazi yumo katikati na arubaini yake.

Wako watu waliolisoma jambo hili kitaalamu. Mfaransa Michel Eugène Chevreul, mkemia, alisimamia utiaji rangi wa nyuzi kwenye karakana ya Gobelins mjini Paris. Wafumaji walilalamika kuwa weusi wa nyuzi zake umefifia. Akazipima, akakuta hazina kasoro. Tatizo lilikuwa rangi zilizopangwa kando yake. Mwaka 1839 akatoa kitabu kizima kueleza kwamba jicho halioni rangi peke yake, linaiona pamoja na jirani yake. Ndo maana kanga uliyoipenda dukani ukiitundika nyumbani unaiona kama siyo ile.

Sisi wa hospitali nasi tuna historia yetu. Mwaka 1914 daktari wa upasuaji huko San Francisco, Harry Sherman, alichoshwa na weupe wa chumba cha upasuaji. Ukitazama damu kwa muda kisha ukainua macho kwenye nyeupe, macho yanaumia. Akapaka chumba kijani, kwa sababu kijani humpumzisha aliyetazama nyekundu. Nguo za kijani za upasuaji unazoziona zimetokana na fikra hiyo hiyo.

Na kisa nikipendacho kuliko vyote ni cha muuguzi mwenzangu. Mwaka 1956, katika hospitali ya Rochford, Uingereza, Sista Ward alikuwa na mazoea ya kuwatoa watoto njiti nje wapate hewa na jua. Siku moja akawaonyesha madaktari mtoto ambaye ngozi yake ilikuwa imepoa umanjano, isipokuwa pembe moja iliyobaki manjano sana. Pembe ile ilikuwa imefunikwa na ncha ya shuka. Mwanga ulikuwa umeitibu ngozi yote, na kitambaa kikauzuia pale kilipolala. Kutokana na hapo madaktari wa Rochford wakatengeneza taa, wakaandika habari zake mwaka 1958. Taa ya samawati aliyolazwa chini yake mtoto wa wifi yangu ni mjukuu wa jicho la muuguzi yule.

Basi tuifanye elimu hii kazi nyumbani.

Kwanza, chagua kanga kabla ya rangi. Rangi za dukani ni nyingi, kanga uipendayo ni moja. Itandaze uitazame pindo na mji. Kanga nyingi zina rangi chache tu. Tafuta iliyotulia kuliko zote, mara nyingi ni ile ya chini iliyobeba maua, halafu uipeleke kwenye ukuta ikiwa imefifishwa sana. Kanga ya nyekundu, nyeusi na nyeupe kama kisutu inapendeza kwenye ukuta mweupe wa maziwa au kijani cha mbali. Sherman ameshatueleza kwa nini.

Pili, paka kipande kidogo kwanza, tundika kanga kando yake, tazama asubuhi, adhuhuri na usiku wa taa.

Tatu, kama unautaka ukuta mkali, uweke sebuleni, na huko mapazia yawe ya rangi moja.

Nne, chumba cha mzazi kiwe cheupe au karibu na cheupe. Hakuna manjano wala samawati iliyokoza. Manjano inakuficha homa ya manjano, na samawati inakudanganya kuhusu mtoto anayekosa hewa. Pazia la rangi lifungue unapomtazama mtoto, na chandarua cha samawati kiinue.

Tano, rangi yenyewe. Rangi za mafuta, hasa za zamani, zaweza kuwa na madini ya risasi, yanayodhuru ubongo wa mtoto, na hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Kipimo kinachopendekezwa kimataifa ni kisizidi sehemu 90 kwa milioni. Dukani uliza isiyo na risasi, na usome kopo. Rangi kuukuu inayobanduka usiikwangue kavu. Ilowe maji kwanza, na mjamzito na watoto wasiwepo. Pakeni wiki kadhaa kabla ya kujifungua, si siku ya kurudi na mtoto.

Na hili lishike hata ukisahau mengine yote. Kila siku ya wiki ya kwanza mtoe mtoto mlangoni penye mwanga wa mchana. Bonyeza taratibu kwa kidole paji la uso au kifua, uachie, tazama rangi ya pale ulipobonyeza. Tazama weupe wa macho, ufizi, viganja na nyayo. Umanjano ukitokea ndani ya saa 24 za kwanza, au ukifika viganjani na kwenye nyayo, au mtoto hanyonyi, au anaamshwa haamki vizuri, ni hospitali saa hiyo hiyo. Usimuanike juani ukasubiri. Sista Ward aliwatoa watoto nje, lakini alikuwa na madaktari nyuma yake.

Wifi yangu chumba amekipaka upya, cheupe. Pazia ni lile lile, kanga ya manjano na nyekundu. Bibi alipoiona akacheka: "Kumbe ilikuwa nzuri hivi!"

Sehemu ya 6 tutazungumza kitovu, na kwa nini hatukipaki kitu. Mwonyeshe haya shoga yako aliye mjamzito, kabla mumewe hajanunua ndoo ya rangi.