Baraza: Kiti Kilichogeuka Mkutano

Ndugu msomaji, hebu tulitafakari neno "baraza". Muulize fundi wa Lamu, atakwambia ni kiti cha mawe na chokaa kilichojengewa nje ya mlango. Mwanafunzi yeye anawaza Baraza la Mitihani, lililoundwa 1980. Msikilizaji wa habari atakutajia Baraza la Usalama, lenye wanachama 15, na watano kati yao hawaondoki kamwe. Kwani neno moja limefikaje kote huko?

Asili yake ni kile kiti. Katika miji ya pwani, mwenye nyumba alibarizi hapo na wenzake, na mpita njia akakaribishwa bila kuingia ndani. Kweli, palikuwa zaidi mahali pa wanaume. Kule Zanzibar, Sultani naye alikaa barazani kusikiliza watu, basi jina la kiti likawa jina la mkutano. Edward Steere alipochapisha kitabu chake cha Kiswahili mwaka 1870, tayari alilieleza neno hili kwa maana zote mbili.

Waingereza wakalipandisha bara. Sheria za 1902 na 1912 ziliwapa nguvu wazee na machifu waliowekwa na serikali, na baraza la chifu likawa pahali pa kutangaziwa kodi na kazi za lazima. Kiti kikabaki cha mmoja, wengine nyasini wakisikiliza amri. Uhuru ulipokuja, mambo hayakugeuka mara moja: mpaka sheria ziliporekebishwa mwaka 1997, mkutano wa hadhara ulihitaji leseni ya serikali.

Sisi Waislamu nasi tunalo. Baraza Kuu la Waislamu Kenya, SUPKEM, lilianzishwa 1973, na kila mwaka tunasikia habari za Baraza la Idd.

Hapa kwetu Mountain View nyumba zina geti na ukuta, si viti vya mawe nje. Ukitaja baraza, watu wanafikiria chifu ama mwenyekiti. Maana iliyotangulia ndiyo inayotuponyoka: kukaa sawa na jirani, yeye aseme nawe usikie. Kwa hivyo vijana wenzangu, mkiunda kamati mkaiita baraza, jiulizeni: je, mpita njia ana pa kukaa? Kama hana, hilo litafuteni jina lingine.

Ramadhan Karim.