Mapatano ya Jamii na Msingi wa Maadili: Funzo la Sungusungu

Wako wanafalsafa wasemao kwamba maadili hutokana na mapatano ya watu. Mwaka 1651 Thomas Hobbes wa Uingereza alifundisha kwamba binadamu wasio na mamlaka juu yao huishi kwa kuogopana, na kwamba haki huanza pale wanapofungiana ahadi chini ya mtawala mwenye nguvu. Mwaka 1762 Jean-Jacques Rousseau, mzaliwa wa Geneva, alishikilia kwamba sheria ya halali ni ile itokayo katika matakwa ya umma wenyewe. Hoja hizo twaweza kuzipima kwa historia ya nchi yetu.

Baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 hadi 1979, silaha za moto zilizagaa, na wizi wa ng'ombe pamoja na unyang'anyi ukazidi Usukumani na Unyamwezini. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanakijiji wa sehemu za Kahama na jirani zake walikusanyika, wakala kiapo, wakaunda jeshi la jadi. Likaitwa Sungusungu, jina la chungu weusi waumao. Wenyewe walijiita pia Wasalama, yaani watu wa amani. Silaha zao zilikuwa pinde na mishale. Yowe lilipopigwa, kila mwanamume mwenye nguvu alipaswa kutoka kuwafuata wezi, na kijiji kimoja kilipokezana na kingine. Aliyekaidi alitozwa faini au alitengwa, majirani wakaacha kushirikiana naye.

Hapa twaona kwamba Hobbes hakusema yote. Wajibu ulisimama bila mtawala mkuu na bila mshahara. Uliegemea neno ambalo kila mtu alikuwa amempa jirani yake. Kwa upande huo Rousseau yu karibu zaidi na ukweli.

Lakini yatupasa kutazama upande wa pili pia. Baadhi ya vikundi viliwageukia walioshukiwa uchawi, na wengi wao walikuwa wanawake wazee. Walipigwa, walifukuzwa, na wengine waliuawa. Wahenga walisema, "Wengi wape." Je, ikiwa wengi wamepatana kumfukuza bibi kizee nyumbani kwake, tendo hilo limekuwa jema? Asemaye kwamba mapatano ndiyo chanzo pekee cha maadili hana budi kujibu ndiyo, na dhamiri zetu zakataa jibu hilo.

Kosa lilikuwa ndani ya mapatano yenyewe. Sungusungu ilikuwa hasa mikononi mwa wanaume, na mzee yule aliyeshtakiwa hakuwa na sauti iliyohesabiwa. Mapatano yamfungayo mtu asiyesikilizwa ni amri ya wenye nguvu iliyovikwa jina la umoja.

Mwaka 1984 haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ikiwamo haki ya kusikilizwa na ya kutoteswa. Mwaka 1989 Bunge lilitunga sheria iliyowatambua Sungusungu. Hatua hizo mbili zahitajiana: ya pili yakubali uwezo wa wananchi kupatana, na ya kwanza yaweka mpaka ambao wingi wa watu hauruhusiwi kuuvuka. Basi twasema kwamba mapatano ni msingi wa maadili pale tu kila atakayeguswa nayo anapohesabiwa kuwa mmoja wa wanaopatana, hata akiwa mnyonge kuliko wote kijijini.